TiddlyWiki au Composer ya SeaMonkey?

Kwa mkazi wa Dar anayetaka kumbukumbu zenye viungo vya kubofya (links) bila kula bando, programu hizi mbili zinafanya kazi bila intaneti. Composer, kihariri cha kurasa za wavuti kilichomo ndani ya programu ya SeaMonkey, ni rahisi kama Word: chagua neno, weka kiungo, hifadhi. Lakini kila ukurasa ni faili lake, na ukibadili jina la faili, viungo vinakatika. Hilo linachosha sana.

TiddlyWiki, daftari linalofunguliwa kwenye kivinjari, lililoanzishwa na Jeremy Ruston mwaka 2004, hubeba kila kitu ndani ya faili moja la HTML (aina ya faili la kurasa za wavuti). Zungushia jina mabano mraba mawili kila upande, tayari ni kiungo, hata kama ukurasa wenyewe haujaandikwa. Flashi moja inakuhamisha kutoka ofisini Posta hadi nyumbani Mbagala. Angalia tu unapohifadhi: kwa kawaida kivinjari hupakua nakala mpya, usije ukaendelea na ya zamani. Mimi nachagua hii.