Skolashipu ya Marekani ama ya hapa nyumbani?

Kila matokeo ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza kidato cha nne, yakitoka wazazi huku Kisumu wananiuliza, mtoto amepata A, tumtafutie Marekani ama tubaki na za hapa?

Kwa pesa, Marekani inashinda wazi. Harvard, Yale, Princeton na MIT wakichagua hawaangalii kama familia iko na pesa, hata kwa mtoto wa nje, na akiingia wanalipa ile sehemu wazazi hawawezi. Lakini kabla ya hapo kuna SAT, mtihani wa kuomba vyuo vya Marekani, pasipoti, viza, na zile insha jamani, mtoto wa dadangu alikaa saiba (duka la intaneti) ya Kondele jioni tatu akiandika vile alikuwa anauza omena na nyanyake, anafuta anaanza upya, na kusema ukweli ilitoka insha nzuri sana.

Uhakika uko nyumbani. Ukishapata nafasi kupitia KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, unaomba skolashipu na mkopo wa serikali kwa HEF, mtandao wa serikali wa pesa za vyuo, kiasi kinategemea hali ya familia, mkopo utalipa baadaye. Mara nyingi haitoshi, kwa hivyo basari ya CDF, ule mfuko wa eneo bunge, bado utaizungukia na barua ya chifu mkononi.

Kama bado yuko kidato cha tatu na anapenda kuandika, anzeni Marekani sasa, maana maombi mengi hufungwa mapema Januari. Kama ameshamaliza na hapo nyumbani hakuna wa kumlisha akisubiri mwaka mzima, jazeni ya hapa kwanza, halafu muulizie Equity Leaders Program ya benki ya Equity, hao husaidia waliong'ara KCSE kuomba vyuo vya nje.