Datsun 240Z kwa mkazi wa Malindi: tazama bati kwanza, injini baadaye

Datsun 240Z, gari la mbio la Nissan la mwanzo wa miaka ya 1970, ina viti viwili, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na boneti ndefu inayomgeuza shingo hata mtu asiyejali magari. Kwa matumizi ya Malindi tunaipa injini alama za juu, nyaya za umeme alama za kati, na bodi alama za chini kabisa. Kama unaishi Casuarina karibu na ufuo na huna banda la kulifungia gari, usilinunue. Kama una banda linalopitisha hewa, fundi anayejua kuchomelea bati jembamba, na subira ya kungoja spea kutoka nje, basi hakuna gari la mbio la enzi zile tunalolipendekeza kuliko hili.

Wakenya hawakulipenda gari hili kwa kuliona dukani. Walilipenda kwa sababu ya Safari Rally ya Pasaka. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, naye Shekhar Mehta akafuata wa pili kwa 240Z nyingine. Mwaka 1973, Safari ilipohesabiwa kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia, Mehta na Lofty Drews, wakiwa tena kwa 240Z, walifungana alama na Harry Källström aliyeendesha Datsun 1800 SSS. Ushindi wakapewa wao kwa kuwa ndio waliokwenda mbali zaidi kabla ya kupata alama ya kwanza ya adhabu. Ndiyo maana ukimkuta mtu anatengeneza lake leo, jambo la kwanza analowaza ni rangi nyekundu na boneti nyeusi.

Wengine walilifikia gari hili kwa njia ya kawaida zaidi: walianza na Datsun 160J, gari la kawaida la familia. Injini yake ya L16 ina pistoni za kipenyo cha milimita 83 na mwendo wa milimita 73.7. Injini ya 240Z, yaani L24, ina vipimo hivyohivyo, ila silinda zimeongezwa mbili. 1595 cc ikawa 2393 cc. Kwa hiyo fundi wa zamani aliyewahi kufungua 160J hatashangaa akifunua kofia ya vali ya 240Z. Huo ndio ubora mkubwa wa gari hili kwa mji kama Malindi, na kwa maoni yetu unazidi hata sura yake.

Sasa bati. Upepo wa kusi ukivuma, rasharasha ya bahari hupanda mpaka ndani ya mji na kutulia juu ya kila chuma, na mvua za mwezi wa tano huisukuma chumvi hiyo ndani ya viungio. 240Z ilitengenezwa kwa bati jembamba ili iwe nyepesi, uzito wake ukiwa tani moja na kitu kidogo tu, na kinga ya kutu ya kiwandani ilikuwa hafifu. Magari haya yalioza hata nchi ambazo hazina bahari karibu. Hapa kwetu, lenye rangi mpya inayong'aa ndilo la kuogopwa zaidi: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ukienda kulikagua beba sumaku iliyofungwa kitambaa laini, tochi, bisibisi butu na jeki. Anza chini ya betri. Asidi na mvuke wake hula kisahani cha betri, kisha hushuka hadi kwenye reli ya chasisi iliyo chini yake. Kisahani kinabadilishwa kwa urahisi, reli si rahisi. Kisha tazama matundu ya hewa yaliyo mbele ya kioo. Maji yanayoingia pale yanapaswa kutoka kwa mifereji midogo ya pembeni, nyuma ya madigadi za mbele. Gari lililoegeshwa chini ya mivinje, kama ilivyo desturi ya Casuarina, huziba mifereji hiyo kwa vijani vyembamba vya mti huo, maji yakasimama, na madigadi ikaoza kutoka ndani huku nje ikionekana nzima. Mwaga lita mbili za maji juu ya matundu hayo uone yanatokea wapi. Yakitokea miguuni mwa abiria, au yasipotokea kabisa, punguza bei.

Pitisha sumaku kwenye vizingiti vya milango na upinde wa madigadi za nyuma, hasa pale bati la ndani linapokutana na la nje. Isiposhika, hapo pamejazwa puti. Funua mlango wa nyuma, vuta raba yake, uangalie kingo za chini. Inua zulia uangalie shimo la tairi la akiba. Mwisho pandisha gari kwa jeki na ugongegonge reli mbili zinazopita chini ya sakafu. Bati zima hulia, bovu hubonyea kimya. Halafu fungua na kufunga milango gari likiwa bado juu. Mlango ukianza kukwama ilhali chini ulikuwa unafunga vizuri, vizingiti haviibebi bodi tena, na hilo ni gari la kuliacha hata kama injini yake inaimba.

Kutengeneza kunawezekana, lakini si kwa mashine ya vijiti vya kuchomelea geti. Moto wake hutoboa bati hili. Tafuta fundi mwenye mashine ya waya na gesi. Kabla hajakata kizingiti, achomelee paipu za kushikilia uwazi wa mlango. Asipofanya hivyo bodi italegea na mlango hautarudi mahali pake. Kwa sakafu bati la milimita 1 linatosha, kwa reli 1.5. Achome vipande vya sentimita mbili, aruke upande wa pili, aache papoe, arudi. Akivuta mstari mmoja mrefu, bati litajikunja. Ndani ya kizingiti ipigwe rangi ya msingi ya epoksi, kisha nta ya kuzuia kutu inyunyizwe kwa bomba jembamba, na matundu ya chini ya kutolea maji yaachwe wazi. Mafundi wengi huyaziba wakidhani wanazuia maji yasiingie. Hapo wameyafungia ndani.

Kuhusu injini hatuna malalamiko mengi. Kichwa chake cha alumini kina viti vya vali vilivyopachikwa, kwa hiyo petroli isiyo na risasi haikisumbui. Nafasi ya vali hupimwa injini ikiwa moto: milimita 0.25 upande wa kuingiza na 0.30 upande wa moshi. Nati ya kufungia ni spana 17, ya kurekebishia ni 14. Kelele ndogo ya vali ni kawaida. Afadhali ilie kidogo kuliko kubana, maana vali iliyobana huungua. Ukifungua kofia, mulika ekseli ya kamu uone kama kila jino linang'aa sawasawa. Katika injini za mwanzo bomba jembamba linaloimwagia oili hulegea kwenye viungio vyake au huziba, na jino linalokosa oili hulika haraka.

Kinachoiua injini hii Pwani ni maji. Visima vya karibu na ufuo vina chumvi, na ukivitumia kujaza rejeta umeanza kula kichwa cha alumini kwa ndani. Tumia maji yaliyotoneshwa, nusu kwa nusu na dawa ya rejeta. Hata maji ya bomba yatumie kwa dharura tu. Nissan walikuwa na thamostati (vali inayopitisha maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto) ya nyuzi 82 na nyingine ya nchi za joto ya 76.5, agiza hiyo ya pili. Kichwa cha alumini kwenye bloku ya chuma hakisamehe joto kupita kiasi: kinapinda, na gasketi inafuata.

Kabureta zake ni mbili za Hitachi, aina ya SU yenye pistoni inayopanda na kushuka, na sifa zake mbaya hazina haki. Wengi huzichafulia jina kwa sababu hazijawahi kulinganishwa. Injini ipate moto kwanza. Hakikisha vikombe vya juu vina oili nyepesi, SAE 20. Rudisha nati ya mchanganyiko ya chini mpaka mwisho juu, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu kwa zote mbili. Chukua mpira wa nusu mita, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, usikilize mvumo. Rekebisha skrubu za mlio wa chini mpaka mivumo ifanane, injini ikizunguka kama mara 750 kwa dakika. Halafu inua pistoni ya kabureta moja kama milimita moja. Injini ikizidi mwendo na kubaki hapo, petroli ni nyingi. Ikitaka kuzima, ni kidogo. Ikipanda kidogo tu ikatulia, umepata. Kama kabureta inakataa kulingana hata ufanye nini, ekseli ya kipepeo imelika na inanyonya hewa pembeni. Peleka kwa mchonga vyuma aiwekee bushi mpya.

Kuna kero moja ya joto letu ambayo ni halali. Kabureta ziko juu ya manifoldi ya moshi. Ukisimama dakika kumi mjini saa nane mchana, petroli huchemka ndani yake na gari hukataa kuwaka, au huwaka likikohoa. Hakikisha bati la kukinga joto halijatupwa, vibao vya kuhami joto kati ya kabureta na manifoldi vipo, na mpira wa petroli haugusi kichwa cha injini. Tangi la lita 60 lijazwe gari likikaa. Tangi tupu hutoa jasho na kutu yake huishia kwenye kabureta. Ukisikia harufu ya petroli au moshi ndani, chunguza mipira ya kupumulia tangi nyuma ya paneli na raba ya mlango wa nyuma kabla ya kulaumu kitu kingine.

Umeme wake ulipangwa vibaya. Mkondo wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi ya usukani, ambayo huyeyuka polepole, na mkondo wa gari zima hupita kwenye ameta ya dashibodi. Funga rilei mbili za taa, yaani swichi zinazobeba mkondo huo badala ya ile ya usukani, na usafishe vituo vya sanduku la fyuzi. Hewa ya chumvi huvitia kijani, ukinzani ukaongezeka na plastiki ikaungua ilhali fyuzi yenyewe ni nzima.

Breki na miguu hatutachelewa. Diski mbele, dramu nyuma, zinatosha. Badilisha mafuta ya breki kila mwaka kwa sababu hunyonya unyevu na kuzitia kutu silinda za nyuma. Bushi za nyuma hupita kwenye pini ndefu ambayo hugandia kwa kutu. Usiigonge kwa nyundo, nyuzi zitaharibika. Ipelekwe kwenye presi, na ukubaliane na fundi bei ya pini mpya mapema. Matairi ya 195/70 R14 yanaingia bila kukata kitu.

Kwa kuhifadhi, turubai la plastiki ni baya kuliko kutofunika, kwa kuwa linashikilia unyevu juu ya rangi. Tumia kitambaa cha pamba. Osha chini ya gari kwa maji ya bomba, si ya kisima, baada ya kila safari ya Watamu au ya barabara ya Gongoni kwenye mashamba ya chumvi. Mwenye jamaa Ganda au Kakuyuni na alilaze huko miezi ya kusi.

Kuliagiza kutoka Japani si njia ya mnunuzi wa kawaida, maana KS 1515, kanuni ya Kenya ya ukaguzi wa magari, hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Utanunua lililopo nchini. Nambari ya chasisi ya gari la usukani wa kulia lililouzwa nje ya Japani huanza na HS30, na imechongwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Ilinganishe na logibuku na rekodi ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, unayoiomba kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen. Linganisha pia nambari ya injini. Magari mengi yalibadilishiwa L28 ya 2753 cc, ambayo ni injini nzuri na hatuikatai, ila kama logibuku bado inasoma L24, muuzaji airekebishe kabla hajaanzisha uhamisho wa umiliki na kabla pesa yako haijatoka mkononi.