Mchezo wa simu au maelezo ya muuguzi: kipi kinamkinga mgonjwa na uzushi wa mitandaoni?

Go Viral!, mchezo uliotolewa na Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 2020 wakati wa UVIKO-19, huchukua kama dakika 5. Mchezaji hujifanya mzushi: anatia watu hofu, anabuni mtaalamu bandia, anaeneza habari za njama. Akishazitumia mbinu hizo mwenyewe, ni rahisi azitambue hata kwenye uvumi mpya. Hapo mchezo unamshinda muuguzi, ambaye mara nyingi hukanusha uvumi mmoja mmoja.

Kwa gharama, mchezo ni bure ila unadai simu janja na bando. Maelezo ya muuguzi hayahitaji bando. Tatizo ni foleni.

Kudumu? Kinga ya mchezo hufifia usiporudiwa. Kwa muuguzi, mgonjwa wa kisukari anayehudhuria kliniki kila mwezi hukumbushwa.

Lakini mchezo haumjibu mama anayeuliza kama aache metformin, dawa yake ya kisukari, kwa sababu ya mitishamba aliyotumiwa WhatsApp. Hapo namtaka muuguzi, tena siku hiyohiyo. Kijana anayeshinda mtandaoni na bado hajaamini lolote, mpe mchezo kwanza. Mzee aliyekwisha kununua mitishamba hiyo anahitaji mtu wa kumsikiliza.