Glavu ya besiboli ya mtu wa mashoto kutoka mitumba ya Tabora: tathmini baada ya miezi mitano

Glavu ninayoieleza hapa niliinunua kwa shilingi 15,000 katika kibanda kimoja cha mitumba hapa Tabora mjini, siku ambayo belo la vifaa vya michezo lilifunguliwa na wanunuzi wote wakakimbilia viatu vya mpira. Muuzaji alidhani ni kifaa cha mafundi wa kuchomelea vyuma, akawa anaitafuta pea yake. Nilipoijaribu niliona kwamba inavaliwa mkono wa kulia, yaani imeshonwa kwa ajili ya mtu anayerusha kwa mkono wa kushoto, na sikuomba hata kupunguziwa bei. Kwa miaka niliyopekua mitumba nikitafuta vifaa vya mchezo huu, glavu zote nilizokutana nazo kabla ya hiyo zilikuwa za kuvaliwa kushoto.

Ninawafundisha besiboli wanafunzi wachache baada ya vipindi, na mmoja wao, kijana wa kidato cha pili, ana mashoto. Kabla ya glavu hii alikuwa akivaa ya wenzake kinyume, kidole gumba kikikaa mahali pa kidole cha mwisho, na kila mpira uliomjia kwa kasi ulimponyoka. Mpira wa besiboli una uzito wa takriban gramu 145 na ni mgumu. Ukimpiga mtoto kiganjani mara mbili ataanza kuukimbia, na mrushaji, yaani mchezaji anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani mwenye gongo, akiuogopa mpira hafundishiki.

Ubora wa kwanza wa glavu hii uko katika ule wavu ulio kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Glavu nyingi huwa na wavu wenye matundu, lakini hii imezibwa kabisa kwa vipande viwili vya ngozi vilivyosukwa pamoja, na kwa mrushaji hilo ni jambo kubwa, kwa sababu vidole vyake hujipanga juu ya mpira ndani ya glavu, na mpigaji aliyesimama mita 18.44 mbele yake akiviona atajua ni mpira gani unakuja. Nilipotaka kumweleza kijana wangu umuhimu wa kuficha vidole, nilimsimulia habari za Rich Hill, mrushaji wa mashoto wa Marekani ambaye karibu nusu ya mipira yake katika miaka yake mizuri ilikuwa ya kupinda. Mtu wa namna hiyo akionekana vidole, silaha yake kubwa imekwisha.

Nitakaa kidogo kwa Hill, kwa kuwa ndiye aliyenifanya niithamini glavu ya mashoto kuliko bei yake. Alianza ligi kuu ya besiboli ya Marekani mwaka 2005 na timu ya Chicago Cubs, na mwaka 2007 akashinda mechi 11. Baada ya hapo mkono ukamsumbua, akafanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2011, akahama timu moja hadi nyingine akipewa kazi ndogo ndogo za kuingia mechi ikiwa inaendelea. Mwaka 2015, akiwa na miaka 35, alikuwa akirusha katika timu ya Long Island Ducks, ambayo wakati huo ilikuwa nje kabisa ya mfumo wa ligi kuu, na Septemba ya mwaka huo huo Boston Red Sox wakamrudisha kuanza mechi za ligi kuu, yaani kuwa mrushaji wa tangu mwanzo wa mechi, kazi ambayo hakuwa ameifanya tangu 2009. Mwaka uliofuata, akiwa na Los Angeles Dodgers, alirusha vipindi 7 kati ya 9 vya mechi huko Miami bila mpigaji hata mmoja kufika besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, kisha kocha akamtoa kwa kuhofia malengelenge ya vidoleni. Agosti 2017, huko Pittsburgh, alifika kipindi cha 10, ambacho ni cha nyongeza, bila kupigiwa mpira hata mmoja wa halali, mpaka mpigaji Josh Harrison alipoupiga mmoja ukavuka uzio, na timu ya Hill ikafungwa 1 kwa 0. Julai 22, 2025, kwetu ikiwa tayari usiku wa manane wa kuamkia tarehe 23, alianza mechi akiwa na Kansas City Royals dhidi ya Cubs wale wale aliowaanzia, akiwa na miaka 45 na jezi ya timu ya 14, idadi ambayo kabla yake ilifikiwa na mrushaji mwingine, Edwin Jackson, peke yake.

Hapa Unyamwezi, ambako babu zetu walibeba mizigo kwa miguu hadi Bagamoyo na kurudi, mtu hadharauliwi kwa kuhamahama akitafuta kazi. Kijana wangu aliniuliza swali moja tu: kwa nini timu zote hizo zilimtaka? Nilimjibu kwamba warushaji wa mashoto ni wachache, na wapigaji wanaosimama upande wa kushoto hupata taabu sana na mpira wa kupinda unaowakimbia.

Kasoro za glavu zipo, na si ndogo. Ilikuja na harufu ya ukungu iliyochukua wiki mbili kuisha nikiianika kivulini, kwa sababu kuianika juani kungeikausha ngozi ikapasuka. Kamba ya wavu ilikatika siku ya tatu ya mazoezi. Niliipeleka kwa fundi viatu anayekaa chini ya mwembe karibu na stesheni ya reli, naye akaigeuza geuza kwa muda mrefu kabla ya kusema, “Mwalimu, hii ukiishona kwa uzi wa viatu itakufia tena. Niachie nikukatie ngozi.” Alikata kamba nyembamba za ngozi ya ng'ombe, akazipaka mafuta, akasuka upya wavu wote kwa shilingi 8,000, na kwa miezi minne sasa hakuna iliyolegea. Pamba iliyo chini ya kiganja imeshikana na kuwa ngumu, kwa hiyo mpira mkali bado unauma, na hilo fundi hakuweza kulitibu bila kuifumua glavu nzima.

Kwa jumla ya shilingi 23,000 ningeinunua tena kesho. Anayetafuta ya aina hii aivute kamba ya wavu kwa nguvu pale pale kibandani, na kabla ya kulipa aivae mkono wa kulia.