TAHADHARI: Printa "za WiFi" za mtumba Dodoma mjini, hazina WiFi

Ndugu zangu wa Dodoma, hasa mnaofungua steshenari Ng'ong'ona, Makole na Majengo, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na printa za mtumba, anasema unaprinti moja kwa moja kutoka kwenye simu. Ukienda kuiona, kweli anaprinti mbele yako. Shemeji yangu kauziwa hivyo hivyo. Kufika nyumbani, simu haiioni printa kabisa.

Ujanja uko chini ya meza. Printa imechomekwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoigawa kwenye mtandao. Simu inaipa kazi kompyuta, kompyuta inaipitishia printa. Ukiibeba printa peke yake, umebeba mashine ya waya. Stika ya WiFi pale mbele kaibandika yeye. Tulipoigeuza, lebo ya kiwandani inasema HP Laser 107a, na hiyo ni ya USB tu. Yenye WiFi ni 107w.

Alipopigiwa simu, akadai ilipiwe "leseni ya simu" ya kila mwaka ndipo aiwashe. Hapo nilikasirika kweli, huo ni wizi juu ya wizi. Hakuna leseni ya namna hiyo! iPhone zina AirPrint, yaani huduma ya kuprinti bila waya, tangu 2010, na Android kuanzia toleo la 8 ina huduma ya kuprinti ndani yake, bure. Hata bando halihitajiki: simu na printa zikiwa kwenye ruta moja, printa inajitangaza yenyewe, simu inaiona, kazi inapita humo humo.

Kabla ya kulipa, chomoa waya wa USB, ubaki wa umeme tu. Aiunganishe na hotspoti ya simu yako, kisha aprinti ukurasa wa taarifa za mtandao. Anwani ya IP (namba ya printa kwenye mtandao) utakayoiona pale iandike kwenye kivinjari cha simu. Ukurasa wa printa ukifunguka, WiFi ipo. Akianza visingizio, ondoka.

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu sifa za bidhaa, na sisi tunapeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Mliouziwa naye, msifute chati wala ujumbe wa malipo. Njooni inbox twende pamoja.