Bomba lipi la grisi ununue kwa krosi za mbele za gari ya fowili

Masika yakikolea Pemba, wengi wetu wenye gari za fowili, zinazovutwa na magurudumu yote manne, tunafunga habu za mbele (vifungo vinavyounganisha magurudumu ya mbele na ekseli) na kuziacha zimefungwa wiki nzima, maana vilima vya udongo mwekundu havina simile. Hapo ndipo propela ya mbele, shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele, inapoanza kulia: chwii, chwii, chwii, kama kifaranga aliyepotea. Krosi, kile kiungo cha kupindia kwenye ncha ya propela, imekauka. Grisi unayo na bomba unalo, ila nipo, ile chuchu ndogo ya chuma ya kutilia grisi, imejificha nyuma ya uma wa propela, karibu na difu (bonge la gia la ekseli), na kichwa cha bomba hakiingii.

Mimi nina pikapu ya Land Cruiser, nabeba mizigo kati ya Konde na Chake Chake. Propela yake ya mbele ina nipo tatu: moja kila krosi, na moja ya kati pale propela inaporefuka na kufupika. Kwa muda mrefu nilikuwa nikizitia grisi mbili na kuiacha ya tatu, ya krosi ya upande wa difu, kwa kuwa haifikiki. Krosi hiyohiyo ndiyo iliyovunjika, gari imejaa, mvua inanyesha, niko katikati ya kilima. Fundi aliponionesha sindano za beringi za krosi, zilikuwa zimegeuka unga mwekundu. "Mjomba," akaniambia, "hii haikufa kwa mzigo. Imekufa kwa kiu." Tangu hapo nimenunua, nimeazima na nimejaribu karibu kila kifaa kinachouzwa kwa kazi hii. Ninachokiamini sasa ni hichi: pesa yako iweke kwenye kichwa, usiiweke kwenye bomba.

Kabla hujatoa hata shilingi, jaribu jambo la bure. Simamisha gari pahala tambarare, zima injini, weka magogo nyuma na mbele ya magurudumu, toa fowili na fungua habu zote mbili. Propela ya mbele itazunguka kwa mkono. Izungushe mpaka nipo ikutazame wewe. Nusu ya nipo tunazoziita hazifikiki zinafikika kwa njia hii. Kwa gari zisizo na habu za kufungua, isukume kidogo kidogo huku mtu amelala pembeni, wala si chini yake, akiangalia.

Nafasi ya kwanza naipa bomba la mkono la nyenzo, lenye mpira unaopinda na kichwa cha kufunga. Bomba la nyenzo lililo zima hufikia mgandamizo wa psi 10,000, yaani karibu bar 690, nguvu inayotosha kuifungua njia iliyoganda. Mpira wa sentimita 45 hivi unapita juu ya ekseli bila kugombana na springi. Kichwa cha kufunga nacho kina kishikio: unabana, meno yanaikamata nipo, unaachia, na mikono yote miwili inabaki huru kwa kupiga nyenzo. LockNLube ya Marekani ndiyo iliyokipa jina kichwa cha aina hii, lakini vipo vya kampuni nyingine vinavyofanya kazi vizuri. Kasoro yake ni unene. Kwenye krosi ndogo kinaweza kugonga uma kabla ya kuifikia nipo.

Kwa hiyo nafasi ya pili ni kichwa chembamba chenye ncha, kile cha kusukumia bila kung'ata. Nunua pamoja na bomba la kwanza, siku hiyohiyo. Bei yake ni ndogo na huwekwa hata kwenye droo ya gari. Propela zenye krosi mbili zilizoungana pamoja, kama za pikapu nyingi za Kimarekani, huwa na nipo ya katikati iliyo bapa, na bila ncha hii huifikii abadan. Utahitaji msaidizi, mmoja asukume kichwa na mwingine apige nyenzo.

Kichwa cha pembe ya digrii 90 nakiweka cha tatu. Kinafaa pale nipo inapotazama difu. Baadhi ya watu huona bora wabadilishe nipo yenyewe waweke iliyopinda. Kwa tairodi (fimbo za usukani), sawa. Kwa krosi, zungusha propela mzunguko mzima kwanza uhakikishe haigongi popote, la sivyo itakatika siku ya kwanza.

Bomba la betri ni zuri mno kwa gereji inayohudumia gari kumi kwa siku. Kwa mwenye gari moja, halina faida inayolingana na bei. Tena ni zito ukiwa umelala chali, na linasukuma kwa kasi hata sili za krosi hukosa muda wa kupumua. La bastola, la kushika kwa mkono mmoja, linavutia kwa wembamba wake lakini nguvu ni ndogo kuliko la nyenzo. Nipo iliyoziba italishinda. La hewa sikushauri kwa kazi hii.

Hapa niseme jambo zito. Usiushike mpira kwa mkono huku unapiga nyenzo, na usizibe kwa kidole mahali panapovuja. Grisi ya nguvu hiyo hupenya ngozi kupitia tundu dogo kama la sindano. Haiumi sana mwanzoni, na ndiyo hatari yake, kwa sababu ndani inaharibu nyama. Mtu akipatwa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama kidonda hakionekani. Mpira wenye ufa utupe.

Grisi yenyewe: chukua ya lithiamu namba 2 kwa krosi. Kama gari yako inashusha boti ufukweni Nungwi au inapita mchanga wa Vumawimbi, itie grisi kila inapoingia maji ya chumvi, usingoje kilomita 5,000. Usichanganye grisi za aina mbili eti kwa sababu tu rangi zimefanana. Pampu mpaka grisi mpya itoke kwenye vikombe vyote vinne vya krosi. Ile nipo ya kati ya propela ndiyo pekee ya kuionea huruma: ikijaa kupita kiasi, propela inashindwa kufupika.

Kwenye magoti ya ekseli (viungo vinavyogeuza magurudumu ya mbele) ya Land Cruiser za zamani hakuna nipo. Juu pana plagi yenye kichwa cha mraba. Ifungue, utie grisi kwa bomba la chuma lililo wazi. Lakini ukikuta ndani pamekuwa uji mweusi unaonuka oili ya difu, acha. Sili ya ndani imekufa, na grisi yoyote utakayoongeza itageuka uji vilevile.

Siku ya kununua, iwe Darajani au Chake, nenda na nipo yako ya zamani mfukoni. Saizi za uzi wake, M6, M8 na M10, ni rahisi kuzichanganya kwa macho. Kifunge kichwa juu yake palepale dukani na ukivute: kikichomoka kwa urahisi, rudisha. Angalia uzi wa mpira na wa kichwa, maana mabomba mengine ni ya M10 na mengine ya nusu ya robo inchi (1/8). Vinaingiana mizunguko miwili kisha vinavuja. Na kwa kuwa huku kwetu grisi hupatikana zaidi kwa kopo kuliko kwa tyubu za gramu 400, muulize muuzaji kama bomba linajazwa kwa njia zote mbili, na akuoneshe kijivali cha kutolea hewa kiko wapi.