Duka la mabango ya sinema, Mutton Street, Mumbai: nimelipata bango la Mother India

Mume wangu alipopasuliwa moyo tulikaa Mumbai wiki tano. Wiki ya mwisho, daktari alipomruhusu kutembea, nikaomba siku moja ya kwangu. Nikapanda teksi mpaka Chor Bazaar, yaani Soko la Wezi, nikashuka Mutton Street, mtaa wa vitu vya kale. Nilikuwa natafuta bango la filamu ya Kihindi, Mother India.

Utotoni kwetu Unguja, mama alikuwa akitupeleka picha Majestic, pale Vuga, siku za Jumapili. Hatuingii ndani mpaka tusimame kwanza kwenye mabango, tumjue stelingi ni nani na adui ni nani. Bango la Mother India ndilo lililonikaa: mwigizaji Nargis na plau zito begani, anaivuta mwenyewe kama ng'ombe. Mama hakujua Kihindi, lakini kisa alikijua chote, deni la yule mla riba Sukhilala, mume aliyeondoka asirudi, mpaka mwana anageuka mnyang'anyi na mama yake mwenyewe anampiga risasi. Kila alipoitazama alilia, na njiani kurudi nyumbani alitushika mikono kwa nguvu mpaka ikauma.

Duka lenyewe ni chumba chembamba, watu watatu wakiingia limejaa. Mabango yamepangwa toka chini mpaka darini, mengine yamekunjwa, mengine yameviringishwa, na harufu ya karatasi kuukuu inakupokea mlangoni. Nikamtajia muuzaji jina la filamu. Akanyanyua vidole viwili, akaniuliza, "Asli? Nakli?"

Nilifurahi mno. Miaka yote ya kutazama filamu za Kihindi, na maneno mawili niliyoyahitaji kumbe nilikuwa nayo tangu kuzaliwa: asli ndiyo asili, nakli ndiyo nakala.

Akanifungulia yote mawili, moja kando ya jingine. Nakli ni karatasi nyeupe inayong'aa, na maandishi madogo ya chini yamevurugika kwa sababu imepigwa picha kutoka bango jingine. Hata mistari ya mikunjo imo, lakini ukiipitisha kidole unakuta karatasi ni laini, mkunjo haupo, umechapwa tu. Asli mkunjo unausikia kwa kidole, maana mabango yalipelekwa kwenye majumba ya sinema yakiwa yamekunjwa. Jina la filamu limeandikwa kwa hati tatu: ya Kihindi, ya Kiurdu na hii yetu ya Kirumi. Na tazama uso! Picha ilichorwa kwa mkono kwanza, ndipo ikapelekwa kuchapwa, kwa hiyo kwenye shavu la Nargis unaona brashi ilikopita. M.F. Husain, mchoraji mkubwa wa India, ujana wake alipaka mabango ya sinema katika mji huohuo.

Kilichonifanya nimwamini mzee yule ni hiki. Nilipomuuliza kama asli yake ni ya 1957, filamu ilipotoka, akasema hapana. Yake ni ya baadaye, filamu iliporudishwa kwenye majumba ya sinema, na anayeniuzia ya 1957 kwa bei ya barabarani ananidanganya. Angeweza kunyamaza, mimi nisingejua. Alianzia rupia 6,000, tukapatana 4,500. Nakli ilikuwa 300.

Kasoro zipo. Hapokei kadi wala hatoi risiti. Baadhi ya mabango yamezibwa matundu kwa selotepu mgongoni, nayo imegeuka manjano na inaila karatasi. Langu lina kipande kimoja, nilikiona baada ya kulipa. Bango lako ligeuze upande wa nyuma kabla hujatoa pesa. Tena alitaka kulikunja upya litoshe mfukoni. Nikakataa kabisa, akamtuma kijana kutafuta bomba la karatasi, nikangoja karibu saa nzima. Chai waliniletea, nzuri, ya maziwa na tangawizi. Usiende Ijumaa, maduka yanafungwa.

Kwa uaminifu wa mzee yule nampa nyota nne kati ya tano, na ya tano ningempa kama si ile selotepu.

Nikirudi nilimwomba dereva apite Liberty, jumba la sinema lililofunguliwa 1949, likapewa jina la uhuru ambao India ilikuwa imeupata miaka miwili tu kabla. Mother India ilizinduliwa pale Oktoba 1957. Sikuingia. Nilisimama upande wa pili wa barabara na bomba langu mkononi, nikamwombea mama rehema, nikarudi kwenye teksi.

Sasa bango liko sebuleni, ndani ya fremu yenye kioo, ukuta ambao jua halifiki. Wiki iliyopita mama mdogo alikuja, akasimama mbele yake bila hata kuvua buibui. Akatazama muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Na yule Sukhilala, mwanangu, mbona hawakumtia?"